Kikombe cha Simu: Namna ya Kukitafuta, Kukitambua na Kukiuza Ngara na Biharamulo

Ukiingia kwa wazee Biharamulo au Ngara, tazama kinachozuia mlango usibamizwe na upepo. Mara nyingi ni jiwe, mara nyingine ni jembe bovu, na mara chache ni kikombe kizito cha kaure, cheupe au cha kahawia, kisicho na mkono wala kitako. Kigeuze. Ndani utakuta hesi, ile mikunjo ya kufungia kama ya shingo ya chupa, na pengine kengele ndogo ndani ya kengele kubwa. Hicho ni kikombe cha simu. Kilikaa juu ya nguzo kikishika waya, na wapo watu duniani wanaovikusanya vikombe hivi kama wengine wanavyokusanya stempu.

Mwongozo huu ni wa mtu wa wilaya hizi mbili anayetaka kuvikusanya na labda kuviuza. Naanza na jambo ambalo muuzaji mwenye haraka hapendi kulisikia: kikombe chenyewe, kikiwa peke yake, bei yake ni ndogo. Kinachokipandisha ni kujulikana kilitoka nguzo ipi, njia ipi, wakati wa nani. Ukikiokota bila kuandika habari zake, umeokota kaure tu.

Kazi yake juu ya nguzo

Waya wa simu wa zamani ulikuwa mtupu, haukuvikwa mpira. Laiti ungefungwa moja kwa moja kwenye nguzo, siku ya mvua umeme ule mdogo uliobeba ujumbe ungeteremka na nguzo hadi ardhini, na kituo cha mbele kisingepata kitu. Kioo na kaure havipitishi umeme, ila uso wake ukilowa, maji yenyewe hupitisha. Ndiyo sababu kikombe kikapewa umbo la kengele. Mvua hupiga nje, ndani hubaki pakavu, na umeme unaotaka kutoroka hulazimika kuzunguka ukingo na kupanda tena ndani kabla ya kufika kwenye chuma kilichokibeba. Vingine viliongezewa kengele ya pili ndani ya ile ya kwanza ili njia hiyo izidi kuwa ndefu. Aliyewahi kuamka Ngara asubuhi ya ukungu, vilima vyote vimelowa, haelezwi zaidi.

Shika hilo kichwani, kwa maana ndilo litakalokufundisha kutofautisha kikombe cha simu na vitu vinavyofanana nacho. Kikombe cha simu kina mfereji shingoni au kichwani, mahali pa kufungia waya, na kina tundu chini la kuingizia chuma. Kikikosa kimoja kati ya hivyo viwili, huenda ni kifaa cha umeme wa majumbani, au kishikio cha betri za zamani, au kipande cha mashine.

Sasa, vya kioo. Wengi wamesikia kwamba vya kioo ndivyo vyenye fedha, na wanavitafuta hivyo tu. Kioo kilipendwa zaidi na Wamarekani. Wajerumani na Waingereza, ambao ndio waliotandaza nyaya Tanganyika, walitegemea kaure. Kwa hiyo huku kwetu tarajia kaure nyeupe na kaure ya kahawia. Nilivyoviona mimi mwenyewe ukanda huu karibu vyote ni vya aina hiyo. Usikitupe cha kaure ukingoja cha kioo. Cha kaure kilichotoka Afrika Mashariki, chenye habari zake kamili, kwa mkusanyaji wa Ulaya ni adimu kuliko kioo cha Marekani kilichotengenezwa kwa mamilioni.

Hata hivyo cha kioo kinaweza kukufikia, kwa kuwa vitu hutembea na watu, na inafaa ujue kukisoma. Hesi ndani ya kioo ilianza baada ya hataza ya Louis Cauvet, iliyotolewa Marekani tarehe 25 Julai 1865. Kabla ya hapo vikombe vya kioo vilikuwa na tundu laini, na vya aina hiyo ndivyo wakusanyaji huvilipia fedha nyingi. Kiwanda kilichotoa vingi kupita vyote kiliitwa Hemingray, kilichohamia Muncie, jimbo la Indiana, mwaka 1888. Jina hilo huandikwa kwenye kioo chenyewe kwa herufi zilizoinuka. Ukikuta maandishi ya MAY 2 1893, usimwambie mnunuzi kwamba kikombe ni cha mwaka huo. Hiyo ni tarehe ya hataza ya yale matone ya kioo yaliyopangwa ukingoni ili maji yadondoke haraka, na kiwanda kiliendelea kuiandika kwa miaka mingi baadaye. Aina yao iitwayo Hemingray 42 imejaa kila mahali. Huko Marekani huuzwa kwa dola chache tu, na nauli ya kuisafirisha kutoka Kagera ingeimeza bei yote.

Rangi ya kioo huangaliwa juani, kikombe kikiwa kimeoshwa. Buluu ya maji iliyochanganyika na kijani ndiyo ya kawaida. Buluu nzito, rangi ya asali na zambarau ni adimu. Zambarau hutokana na manganizi iliyotiwa ili kioo kiwe cheupe, kisha jua likakibadilisha taratibu kwa miaka mingi. Wapo wanaokipitisha kioo cha kawaida kwenye mionzi mikali kikawa zambarau kwa siku chache, na wakusanyaji wa kweli hawakitaki hicho. Njia moja rahisi ya kujua kama kuna manganizi ni ile taa ya zambarau ya kukagulia noti bandia iliyoko kwa wakala wa fedha. Kimulike gizani. Kioo chenye manganizi hutoa mng'ao hafifu wa kijani.

Kusoma kaure

Kaure husomwa kwa nembo, hesi na umbo. Nembo huwa ubavuni, juu ya kichwa, au ndani ya pindo, imechapwa kwa wino chini ya rangi au imegandamizwa kwenye udongo kabla ya kuchomwa. Udongo wetu mwekundu huifunika kabisa, kwa hiyo usiseme kikombe hakina nembo kabla hujakiosha. Ukiona jina Bullers au Taylor Tunnicliff, umeshika kazi ya Staffordshire, Uingereza. Vya Kiingereza vingi vina hesi pana iliyobuniwa na Cordeaux miaka ya 1870. Ilikuwa hatua kubwa, kwa kuwa fundi aliweza kukifungua kikombe kilichovunjika na kufunga kipya bila kubadili chuma. Vya Kijerumani ni vyeupe kwa kawaida, kengele mbili, na vilikazwa kwenye kulabu ya chuma kwa nyuzi zilizolowekwa mafuta. Ukikuta mabaki ya nyuzi hizo tunduni, usiyachokonoe. Yaache, ni sehemu ya ushahidi.

Ili nembo ikusaidie, yakupasa kuijua historia ya mikono iliyopita hapa. Wajerumani walikuwa na boma Biharamulo. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia waya wao ulikuwa umetoka Dar es Salaam hadi Tabora na Mwanza, na Mwanza na Bukoba zilikuwa na vituo vya simu ya upepo. Mwezi Juni 1916 jeshi la Wabelgiji likaingia Biharamulo. Wakafuata Waingereza. Mwaka 1933 posta na simu za Tanganyika ziliunganishwa na za Kenya na Uganda, na kwa zaidi ya miaka 40 vifaa viliagizwa kwa pamoja. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977, tukawa na Shirika letu la Posta na Simu, na mwaka 1994 upande wa simu ukawa TTCL. Kwa hiyo kikombe chenye mwaka wa 1950 na nembo ya Kiingereza hakiwezi kuwa cha Mjerumani, hata babu wa watu aape. Babu hadanganyi. Ni vile tu kwa wengi wetu, kila cha zamani chenye uzito ni cha Mjerumani.

Na pana tahadhari ya Ngara pekee. Mwishoni mwa Aprili 1994, ndani ya saa 24 hivi, watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo wakitoka Rwanda, na Benaco ikawa mji wa mahema. Watu wale walibeba walichoweza kubeba, na wengine waliokota walichokikuta njiani. Kikombe ulichokipata Benaco au Kasulo si uthibitisho kwamba laini ilipita hapo. Huenda kilitoka Kibungo huko Rwanda, huenda kilitoka Burundi. Andika "kimepatikana Benaco", usiandike "laini ya Benaco".

Vya kuacha mahali pake

Nguzo iliyoanguka bado ina mwenyewe. Laini ya simu hata ikiwa imekufa, waya umekatika na nguzo imelala majanini, ni mali ya shirika. Kesi za kuharibu miundombinu ya simu na umeme hapa nchini hupelekwa mahakamani kama uhujumu uchumi, na hakimu hatakusikiliza ukimwambia unapenda historia. Kama unaona vikombe kwenye laini iliyoachwa, nenda ofisi ya TTCL ya wilaya au mkoa na barua, omba kwa maandishi, subiri jibu la maandishi. Ukikichimbua shambani kwako wakati wa kulima, mwonyeshe mtendaji wa kijiji na umwombe akuandikie karatasi yenye mhuri. Karatasi hiyo itakulinda leo, na kesho itakuwa sehemu ya bei.

Vya nguzo za umeme, na zile sahani zinazoning'inia kwenye minara mikubwa ya kilovolti 220 itokayo kwenye mitambo ya Rusumo kwenda Nyakanazi, usivisogelee kabisa. Hata kilichoanguka chini usikiguse, maana huenda waya uliokishika bado una moto.

Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyoanzishwa 2019 na kuchukua lililokuwa pori la akiba la Biharamulo, huruhusiwi kuokota kitu chochote. Vivyo hivyo kuzunguka boma la Wajerumani: kuchimba mahali pa kihistoria kunataka leseni ya Idara ya Mambo ya Kale chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa 1979. Sheria hiyo huyahesabu kuwa masalia ya kale yale yaliyotengenezwa kabla ya 1863, na vikombe vyetu ni vya baadaye. Lakini afisa wa mpakani hana wajibu wa kukuamini kwa mdomo. Kabla ya kuvusha chochote kupitia Rusumo au Kabanga, au kukituma kwa ndege, iandikie Idara hiyo, ambata picha, upate barua.

Kwenye habari hii ya kuchimba nataka kukaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wetu wanapoumizwa. Kila wilaya yenye boma ina hadithi ya mali ya Mjerumani. Inasemwa kwamba alipokuwa akikimbia alifukia dhahabu na kuacha alama, na kwamba kikombe cheupe ardhini ni mojawapo ya alama hizo. Wengine husema ndani ya kaure kuna zebaki nyekundu inayonunuliwa kwa mamilioni. Nimeona mashimo marefu kuliko mtu, yamechimbwa usiku, na familia iliyouza ng'ombe kumlipa "mtaalamu". Nakueleza kwa moyo wote: kikombe cha simu ni kaure ngumu au kioo kitupu, kote kote. Hakuna kilichofichwa ndani. Ukikivunja utaona weupe tu na utakuwa umepoteza hata ile bei ndogo. Kikiwa ardhini, alama pekee inayotoa ni kwamba nguzo ilisimama karibu. Sarafu za dhahabu za Wajerumani zipo kweli. Zile za rupia 15 zenye tembo zilitengenezwa Tabora mwaka 1916, na ni kwa sababu zipo kweli ndipo matapeli hupata pa kuanzia. Mtu akikujia akasema atakulipa milioni kadhaa kwa kikombe, ila kwanza umtumie fedha ya "kipimo" au ya "kibali", mwache aende zake.

Kutafuta, kuosha, kuandika

Anza na watu. Mtaje fundi laini yeyote mstaafu wa Posta na Simu, tarishi wa zamani, karani wa boma, utaelekezwa nyumba. Ukifika usiulize "mna vikombe vya kuuza?" Swali hilo humfanya mwenyeji apandishe bei au akufukuze. Msalimie, kaa, uliza laini ilipita wapi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Watoka wapi?"

"Hapo Nyakahura. Nasikia zamani uliparamia nguzo."

Mzee aliyeparamia nguzo miaka 20 atakuchorea njia nzima kwa fimbo mavumbini: hapa ilikata mto, hapa iliacha barabara, hapa kulikuwa na kambi ya mafundi. Barabara za leo hazifuati njia za zamani kila mahali, na mchoro huo wa mavumbini haumo kwenye ramani yoyote utakayonunua. Upige picha kabla ng'ombe hawajapita. Ukiondoka bila kikombe hata kimoja lakini una mchoro, hiyo ni siku njema.

Unapopata kikombe, usikioshe papo hapo. Kwanza piga picha pale kilipo, rula ikiwa pembeni, na uandike daftarini: tarehe, kijiji, kitongoji, alama za ramani ulizosoma kwenye simu, nani alikuonyesha, alisema nini kwa maneno yake mwenyewe. Kipe namba. Namba iandike kwenye kipande cha karatasi kilichofungwa kwa uzi shingoni, usiichore juu ya kaure kwa kalamu ya wino wala kuikwangua kwa msumari.

Kuosha ni kwa uvumilivu. Loweka usiku kucha kwenye maji ya vuguvugu na sabuni ya kawaida, kisha sugua kwa mswaki wa zamani. Maji ya moto yaache kabisa kwa kioo. Kioo kilicholala baridini hupasuka ghafla kikikutana na joto, na mimi nilipoteza kimoja kizuri kwa njia hiyo. Steelwire na msasa huacha mikwaruzo isiyofutika. Kutu iliyotiririka kutoka kwenye chuma hulainika kwa maji ya ndimu au siki, ukiloweka siku moja au mbili na kusuuza vizuri. Wakusanyaji wa nje hutumia asidi ya oksaliki, na inafanya kazi vizuri, lakini ni sumu, na kwenye nyumba yenye watoto siishauri wakati ndimu zipo sokoni.

Kikisha kukauka, kigonge taratibu kwa ukucha. Kaure nzima hulia kama kengele. Iliyo na ufa hutoa sauti mfu. Pitisha kidole ukingoni, nje na ndani, uandike kila pengo: liko wapi, ni kubwa kama punje ya mahindi au kama kucha. Usilizibe kwa gundi wala kulipaka rangi. Pengo lililotajwa hupunguza bei, pengo lililofichwa huua biashara yako yote.

Kuuza

Wanunuzi ni wa namna tatu. Wa kwanza ni wa hapa nchini: mwenye hoteli au mgahawa anayetaka pambo lenye historia, mwenye duka la vitu vya kale Zanzibar, Arusha au Dar es Salaam. Huyu hununua kwa macho. Kikiwa kisafi, kizima na cheupe, anakichukua, na habari zake ni nyongeza. Wa pili ni mkusanyaji wa nje. Wamarekani wana chama chao cha taifa tangu 1973, na wana mpangilio wa namba: vya kioo hutajwa kwa namba za CD zilizopangwa na N. R. Woodward, na vya kaure vya Kimarekani kwa namba za U zilizopangwa na Jack Tod. Mtu wa namna hii atakuuliza maswali ambayo daftari lako tayari lina majibu yake. Mtumie picha nne: mbele, nyuma, ndani, na nembo kwa karibu. Usimwambie umri ambao huwezi kuuthibitisha. Andika ulichokiona na ulichoambiwa, kila kimoja peke yake.

Wa tatu ni shule, halmashauri na makumbusho. Hawa hawalipi sana, pengine hawalipi kabisa, lakini ningependa kila mwenye vikombe kumi awape viwili. Mtoto wa Rulenge anayejua simu ya mkononi tu anastahili kushika kitu kilichobeba sauti ya watu kabla ya minara.

Kuhusu fedha, usikabidhi mzigo kwa kuonyeshwa ujumbe wa muamala. Angalia salio lako mwenyewe. Ukiuza mara kwa mara, chukua namba ya mlipakodi na uulize ofisi ya biashara ya halmashauri kama leseni inakuhusu.

Kikombe kimoja huwa na uzito wa kama nusu kilo na zaidi, kwa hiyo ulizia nauli posta kabla hujataja bei, maana mara nyingi nauli hupita thamani ya kitu. Njia nzuri ni kutuma vitatu au vinne pamoja kwa mnunuzi mmoja. Jaza tundu la ndani kwa vitambaa au karatasi zilizofinyangwa, viringisha kila kimoja peke yake, kiweke boksi ndani ya boksi, na pasiwepo viwili vinavyogusana. Kwenye fomu ya forodha andika kwa ukweli: kikombe cha nguzo ya simu, kaure, kilichotumika. Weka ndani nakala ya ukurasa wa daftari na nakala ya karatasi ya mtendaji. Zile za asili zibaki kwako.

Na kikombe chako cha kwanza usikiuze, hata kikiwa kibovu. Utakihitaji mezani kila utakapoletewa kingine: kulinganisha uzito, kulinganisha weupe, kukaza kulabu ile ile kwenye matundu mawili na kusikia kwa vidole kama hesi ni ya mkono mmoja.